Mfumo Hufa kwa Kununiwa

Kwa jirani yetu wa mtaa wa Nshambya, Bukoba, hodi na mwili vilifika pamoja. Unasikia "Hodi hapa!" na ukigeuka yumo ndani tayari, ushungi umeenda upande, begi la kompyuta begani, macho yanazunguka ukutani. Hatafuti kiti wala maji. Anatafuta soketi.

"Koku, umeme upo kwenu? Nichajie hii, mwana wange. Kwangu luku imekwisha."

Mimi ni mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nilichaji. Nadhani ndiyo sababu alinipenda. Watu wengine wa mtaani walikuwa wanamsubiri avute pumzi ili na wao waseme, na yeye alikuwa mchoyo wa kuvuta pumzi.

Mtaa mzima tulimwita Mama Mfumo. Jina lake ninalijua lakini siliandiki, maana nikiliandika nitaona kama ninamwandika mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kuweka mifumo ya kompyuta kwenye ofisi, shule na vyama, kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba na Kamachumu. Watu wakishanunua kompyuta na hawajui waifanyie nini, wanamwita. Wakishajua waifanyie nini na ikakataa, wanamwita tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Ni mfupi, mnene, na anatembea kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mashine za wateja alizibeba mwenyewe kwenye bodaboda, kioo cha kompyuta amekipakata mapajani, amekifunika kitenge. Siku moja pale stendi mama mmoja akamwonea huruma.

"Pole, waitu, ndugu yangu. Mtoto anaumwa?"

"Anaumwa sana. Tangu juzi hafungui macho."

Yule mama akamwombea palepale, na Mama Mfumo akaitikia amina. Alisema kile kioo kilipona, na kwamba yeye hachagui dawa.

Alikuwa na maneno yake, na hilo la kichwa cha habari ni mojawapo. Mfumo haufi kwa virusi, alisema, hufa kwa kununiwa. Alilipata kwenye chama kimoja cha wakulima wa kahawa upande wa Kamachumu. Viongozi walikwenda semina, wakarudi wamechangamka, wakamwita aweke kompyuta ya kupokelea kahawa. Akaweka. Ilikuwa nzuri, mizani imeunganishwa, kila kitu kinaonekana. Karani wa mizani, mzee aliyepima kahawa tangu viongozi wenyewe wakiwa watoto, hakukataa hata kidogo. Alisema, "Sawa, sawa." Halafu kila mkulima aliyefika na gunia alimwambia kwa upole, "Subiri kidogo, mashine inafikiri." Foleni ikafika barabarani. Jua likawaka juu ya magunia na juu ya vichwa. Msimu haujaisha, wakulima wenyewe wakadai mashine iondolewe. Mzee wa watu hakuwa amevunja hata waya mmoja.

Mama Mfumo alipokwenda kuiangalia aliikuta pembeni mwa ofisi imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki.

"Wameizika vizuri," alituambia. "Hata maua wameweka."

"Si ungemsema yule karani?" mama yangu akauliza.

"Nimseme kwa lipi? Sikumwuliza hata swali moja. Nilifika kwake na majibu." Akanigeukia mimi, kwa sababu mafundisho yake alipenda kuyapitishia kwangu. "Koku, mtu akisema sawa mara moja, amekubali. Akisema sawa, sawa, mara mbili, chimba kaburi."

Wakubwa nao hawakumtisha. Kulikuwa na mkuu mmoja wa shule, sitasema ya wapi, aliyewaamuru walimu wote waingize alama za wanafunzi kwenye kompyuta. Walimu wakaingiza mwezi wa kwanza, wa pili wakachelewa, wa tatu wakasingizia umeme. Mkuu akamwita Mama Mfumo, amekasirika kwamba mfumo ni mbovu.

"Mwalimu, wewe alama unaziangalia wapi?"

"Mimi naletewa."

"Na nani?"

"Makamu. Ananiandikia kwenye karatasi."

"Basi Mwalimu, mfumo ni wa makamu. Wewe wa kwako ni karatasi, na walimu wanaangalia wewe unashika nini."

Alirudi nyumbani bila kazi. Alicheka mpaka akajifuta kwa ncha ya ushungi, ila jioni hiyo alikula kwetu.

Mambo yaliyofanikiwa aliyasimulia kwa kifupi, kama vile yana aibu. Moja ninalijua kwa sababu lilitokea kwenye kituo cha afya anakofanya kazi mama, ambaye ni muuguzi. Mama Mfumo alifika bila kompyuta, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kuanzia asubuhi. Kesho yake tena. Mama akaona hapana, akamfuata.

"Jirani, unaumwa nini wewe kila siku?"

"Naumwa udadisi."

Alichokuwa anatazama ni kadi. Mgonjwa anakaa, kadi yake inatafutwa, wanaofuata wananung'unika, mtafutaji anatoka jasho. Basi akatengeneza mfumo wa kujua kadi iko rafu gani. Hilo tu. Hakugusa dawa wala maabara, ingawa mganga mkuu alitaka vyote kwa pamoja. Baada ya muda yule mtafuta kadi mwenyewe, kijana mkali kama pilipili, akaja Nshambya kumwuliza kama mashine inaweza na hiki, na kile. Kijana alipoondoka, Mama Mfumo alifunga mlango, akacheza. Kabisa, alicheza, mabega na kila kitu.

"Anza panapouma," alisema akihema. "Ukishamtoa mtu mwiba mguuni, atakuonyesha mwenyewe na jino."

Nimeandika kama vile alikuwa hakosei, na si kweli. Nywila zake mwenyewe alizisahau zote. Alikuwa akipiga simu, "Mama Koku, ile nywila ya ofisi ya Muleba nilikwambia ni nini?" na mama anajibu kwa sauti huku yuko dukani, watu wote wanasikia. Na kuna lile la jiko. Mwanawe aliye Mwanza alimtumia jiko la gesi, zuri, plati mbili. Likakaa kwenye kona ya jiko na nailoni yake, yeye anapepea mkaa. Mama akamwambia mbona hulitumii, mwenzangu, unajitesa na moshi?

"Nitalitumia. Sawa, sawa."

Nilikuwa nimekaa pembeni namenya viazi. Sijui kilichonipata, mdomo ukafunguka wenyewe. "Mbili," nikasema.

Aliniangalia. Halafu akapiga kicheko ambacho nadhani Ziwa Victoria lilikisikia. "Mawe, mama yangu! Huyu mtoto anaweka hesabu!" Wiki ile ile alilitoa jiko kwenye nailoni. Alichemshia chai tu, maharage akaendelea na mkaa, akisema gesi haijui maharage. Ndivyo alivyokuwa. Alizunguka wilaya mbili akiwaambia watu wasiogope mabadiliko, na mama yangu akihamisha kopo la sukari jikoni kwake, yeye ananuna mpaka magharibi.

Sasa niandike la Muleba, ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Marehemu mume wake alitoka kijiji kimoja na bibi yangu, mama yake baba, huko Muleba. Mama Mfumo mwenyewe ni binti wa mjini, wa wale Waislamu wa Bukoba ambao babu zao walitoka pwani, wakaoa kwetu, wakasahau njia ya kurudi. Mume alipofariki watu walidhani atakata mguu kijijini. Hakukata. Alibaki mwanachama wa chama cha kuzikana, na kila msiba alikwenda, akakaa na wanawake wenzake kwenye majani ya migomba, akamenya ndizi. Kwetu hicho ndicho kipimo. Unaweza kuja na gari, unaweza kuja na shahada, lakini kama msibani hakuna aliyekupa kisu umenye ndizi, wewe ni mgeni.

Chama kilikuwa na shida ya kweli. Watoto wa kijiji wametawanyika, wengine Bukoba, wengine visiwani kwenye dagaa, wengine mashuleni kama mimi. Habari ya msiba ilibebwa na wajumbe, mguu kwa mguu, na walio mbali walifika kaburi limeshafunikwa. Familia za Kiislamu ndizo zilizoumia zaidi, maana wao kuzika hawangoji kesho. Mwenyekiti akamwomba Mama Mfumo atengeneze mfumo wa ujumbe wa simu. Sijawahi kumwona na furaha vile. "Safari hii siendi kwa mteja," alisema. "Naenda kwetu."

Alifuata kanuni zake zote. Alimwuliza mwenyekiti, akamwuliza katibu, akawauliza vijana. Alianza na kitu kimoja. Katibu alisema sawa mara moja tu.

Wa kwanza kufariki baada ya hapo alikuwa mzee mmoja wa bondeni. Katibu akaandika, akabonyeza, ujumbe ukaruka kwa wanachama wote kwa pamoja. Binti wa yule mzee anauza dagaa sokoni Muleba. Simu ikalia, mikono yake imejaa dagaa, akampa mteja. "Nisomee, waitu. Labda ni mkutano."

Mteja akasoma kwa sauti.

Kwetu habari ya kifo haiendi hivyo. Hutumwa mtu. Anafika, anakaa, anauliza migomba na watoto, anaomba maji, anakunywa. Ndipo anasema, mzee hali si nzuri, twende tukamwone. Mkiwa njiani unajua, na unapojua tayari kuna mkono umekushika. Yule binti alijulishwa na mtu asiyemjua, katikati ya wateja, hakuna wa kumshika.

"Kwani hukulijua hilo?" mama alimwuliza Mama Mfumo.

"Nililijua! Nani halijui? Habari ya mume wangu nililetewa hivyohivyo. Kila mtu analijua, ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Hawakuniambia, na mimi sikuiambia mashine. Asiyejua alikuwa mashine peke yake, na ndiye tuliyemtuma."

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Nilikuwa likizo kwa Bibi, nikakaa dawati la nyuma. Bibi ndiye aliyesimama. Bibi yangu ni mdogo wa umbo, ila akisimama watu hukaa vizuri.

"Habari ya msiba si maganda ya ndizi," alisema, "uyatupe tu, yatue yanapotua. Wewe, mke wa mwanetu, umeuliza wakubwa wote. Anayefiwa umemwuliza lini?"

Nikasubiri hotuba. Mama Mfumo akasimama, akasema, "Nimekosa," akakaa. Ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwake.

Mfumo ukazimwa. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Sisi hatufanyi hivyo. Msiba uliofuata alikwenda, akakaa na wanawake kama kawaida, ndizi zikaletwa, visu vikagawiwa. Hakupewa.

Aliporudi Nshambya alipita kwetu. Hakutafuta soketi. Alikaa.

"Nilikaa pale na mikono misafi, Mama Koku. Visu vinapita mbele yangu kama sahani za harusi ya watu." Halafu akajilazimisha kuchangamka. "Na mimi nikifa nani atanimenyea ndizi? Kompyuta?"

Alicheka. Hatukucheka naye. Pale mjini ana majirani, ana msikiti, ana ndugu wa pwani wa mbali. Lakini mume wake amelala kule, na yeye anataka kulala kule, na mtu halali mahali ambapo hapewi kisu.

Baada ya hapo akawa anakwenda kijijini bila begi. Alikaa na wajumbe wa zamani, akawauliza walikuwa wanaanzaje kuongea, wanakaa muda gani, nani anatumwa kwa nani. Alimtafuta na yule binti wa dagaa. Sijui waliongea nini, ila alirudi na dagaa na macho mekundu. Mwisho akaenda kwa Bibi. Nilikuwepo, nakoka moto.

"Mama, nataka kuuamsha ule mfumo."

"Mashine yako inajua kungoja?"

"Mashine haijui kungoja, Mama."

"Basi haijui kuzika."

Bibi akaendelea kupembua maharage. Mama Mfumo akatazama moto muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake, moto ni kitu kisichojibu.

"Haijui kungoja," akasema, "lakini inaweza kungojeshwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

Ndivyo alivyoutengeneza upya. Mtu akifariki, ujumbe unakwenda kwa wajumbe peke yao. Kila ndugu wa karibu ana mjumbe wake. Mjumbe anakwenda, kwa miguu au kwa pikipiki au kwa boti, anafanya yote kama zamani, maji na migomba na watoto. Mfiwa akishaambiwa na kushikwa, mjumbe anabonyeza kwenye simu. Wajumbe wote wakishabonyeza, ndipo ujumbe unaruka kwa kijiji kizima. Hata akibaki mmoja, unakaa. Vijana walilalamika kwamba huo sio mwendo wa teknolojia.

"Ni mwendo wa mfiwa," aliwajibu. "Teknolojia itakaa nyuma, ibebe mizigo."

Ukajaribiwa. Aliyefariki alikuwa na mwana kisiwani, mvuvi wa dagaa, na kule kuna mtu wa kijiji chetu anayeuza chai kambini. Ujumbe ukamfikia yeye. Akafunga jiko lake, akaenda kukaa na yule kijana, wakaongea nyavu, wakaongea bei za taa, na mchana walikuwa kwenye boti pamoja. Kaburini walifika watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Mwenyekiti akausifu mfumo mbele ya wote. Bibi akanyanyuka kwenda kumenya ndizi.

"Kisu je?" mama akamwuliza jirani yetu aliporudi.

"Mfumo umesamehewa," alisema akivua viatu. "Mimi bado."

Baadaye nilirudi shule Kamachumu. Nilimwacha Bibi anakohoa, kikohozi ambacho mwenyewe alikiita cha moshi.

Jumamosi moja nilikuwa nafua sare, matroni akaniita. Una mgeni. Nikaenda na mikono yenye povu. Kwenye benchi nje ya ofisi alikuwa amekaa Mama Mfumo, bila begi, ushungi umenyooka kabisa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwana wange. Kaa hapa. Maharage ya hapa yanaiva?"

"Yanaiva."

"Na baridi?"

"Ipo."

"Mvua je?"

"Ilinyesha jana."

"Ilinyesha jana," alirudia.

Mama Mfumo hajawahi kuuliza mvua maishani mwake. Aliomba maji. Nikaenda kuyaleta, na nilipokuwa nayajaza nikajua. Nilirudi polepole ili nisimwage. Aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa, midomo ikawa inacheza kama ya mwanafunzi anayekaribia kuitwa mbele. Ningeweza kumwuliza, "Ni Bibi?" nikamtua mzigo palepale. Lakini niliona hataki kuruka hatua hata moja, na kwamba anaogopa kuliko mimi. Basi mimi nisiyeanzaga maongezi nikaanza.

"Na Nshambya, Mama, mvua ipo?"

Macho yake yakajaa. "Ipo. Ipo kidogo. Ndizi zimependeza."

"Na watoto wa jirani?"

"Wazima. Yule mdogo ameota meno."

Tukaongea mvua mpaka ikaisha. Ndipo akaweka kikombe chini, akanishika mkono, povu na vyote.

"Bibi yako hali si nzuri. Nimekuja tukamwone."

Matroni aliniruhusu. Tulishuka mpaka penye magari, mkono wake haujaniachia, na njiani akaniambia yaliyobaki, kwa sauti ya chini. Baba alikuwa ameshaambiwa, na shangazi, na wote. Halafu akaniambia kwamba juma lililopita, akiwa kitandani, Bibi alimwita mwenyekiti akagawa wajumbe wake mwenyewe.

"Ilipofika kwako, mwenyekiti akataja mtu. Bibi akakataa. Akasema, 'Yule mtoto asiyeongea mtumieni yule mwanamke asiyenyamaza.'"

Nikacheka. Nililia na kucheka kwa pamoja, pua inatoka, na yeye hivyohivyo. Watu wa magari wakageuza nyuso kwa heshima.

Tulipotulia akatoa simu. Akaniwashia kioo nikaona. Wajumbe wengine wote walikuwa wamebonyeza, imebaki nafasi moja, yake. Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya kidole chake.

"Nibonyeze?" aliniuliza. "Au bado?"

Nilifikiria simu zote zitakazolia. Nilifikiria kwamba zikishalia itakuwa ni kweli kwa kila mtu.

"Bado kidogo, Mama."

"Haya."

Akairudisha simu mfukoni. Gari likaja, kondakta ananing'inia mlangoni. "Muleba, Muleba! Mama, ingieni, nafasi mbili!"

"Nendeni tu, waitu," Mama Mfumo akamwambia. "Sisi bado."